TAHADHARI: Fundi vioo vya gari anayezunguka Tabata, Segerea na Kinyerezi ni TAPELI

Naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Kuna kijana anajiita fundi na muuzaji wa vioo vya magari, "orijino kutoka Japani", anakufuata hadi nyumbani na pikipiki, kioo kimefungwa kwenye blanketi. Namba yake inazunguka kwenye magrupu ya mitaa huku kwetu. MSIMPE KAZI. Msimpe hata maji ya kunywa. Ameniuzia kioo cha dirisha la nyumba, akakipachika kwenye mlango wa gari yangu, na alipokuwa ameufungua huo mlango akaiba na mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha. Mchana kweupe, uani kwangu, huku anakunywa chai yangu.

Ya kuvunjiwa mnayajua, mliokuwepo msibani kwa kina Rehema mliona wenyewe, siyarudii. Kwa ambao hawakuwepo: ni gari yangu, Toyota IST, kioo cha mlango wa mbele kushoto, begi la laptopu ya ofisi likaenda. Turubai limejaa watu na hakuna aliyesikia kitu. Kituoni askari aliniambia wezi wa siku hizi hawahangaiki na jiwe wala nyundo. Wanavunja plagi ya gari, wanachukua kile kipande cheupe cha kauri, wanakirusha, na kioo chote kinamwagika punjepunje. Bima yangu ni ile ndogo, inayolipa hasara za wengine tu, kwa hiyo hapo hakuna wa kunilipa. Nikachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikarudi nyumbani na nailoni imebandikwa kwa soltepu, na mvua za wiki hizi mnaziona. Halafu Alhamisi mama mkwe ana kliniki Muhimbili na hapandi daladala, mguu wake mgonjwa.

Nasema hayo kwa sababu tayari kuna watu wameanza, "wewe nawe, si ungeenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye vipuri vya magari, ukanunue mwenyewe." Gerezani nilikwenda! Sijazima hata injini mawinga, wale madalali wa mtaani, wameshanizunguka, huyu anavuta mkono, huyu anafungua mlango, bei inaanzia huku inaishia kule. Wa kwanza niliyemsikiliza akaniambia, "Mama toa advansi, kioo kipo kesho asubuhi." Leo hakipo, kesho asubuhi kipo? Kinatoka wapi usiku? Siwasemi wote wa pale, wapo watu wanafanya biashara halali na maduka yao, lakini huyo alinitia kichefuchefu. Nikaona nikimpa hiyo advansi, kesho kuna mwenzangu anaamka anakuta gari haina kioo. Nikaondoka.

Namba ya huyu mwizi nilipewa na mtu mzima, mwenye heshima zake, na yeye alitumiwa tu na mwingine. Simlaumu, na naomba msimtafute.

Sasa sikilizeni alivyoingia. Nilipopiga simu hakutaja pesa. Neno la kwanza, "Pole sana dada yangu, kulikuwa na mtoto ndani?" Nikasema hapana. "Alhamdulillahi, kioo si kitu." Kisha akaniomba picha ya kadi ya gari, upande wenye namba ya chesesi, akanieleza kwamba IST ziko za aina mbili, zile za kwanza za 2002 hadi 2007 na zile zilizofuata, na vioo vyake haviingiliani, asije akaniletea ambacho siyo akanipotezea muda. Niambieni, tapeli gani anauliza chesesi? Halafu akanipa mawaidha: "Dada, usije ukanunua vioo vya wizi, unamlisha aliyekuvunjia." Maneno yaleyale niliyokuwa nayo moyoni tangu Gerezani! Hapo ndipo nilipomwambia aje.

Akaja. Ovaroli ya bluu imepigwa pasi. Akaacha viatu mbali na kibaraza, akainama kwa mama mkwe, "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Akauliza na hali ya mguu, maana aliuona umefungwa. Mama mkwe akaniangalia kwa lile jicho la "umeona vijana waliolelewa?"

Kabla ya kugusa mlango akaomba ufagio wa ndani na sponji ya vyombo iliyochakaa. Akalowesha sponji, akawa anagusa gusa kiti, punje zinanata. Alizitoa hadi chini ya reli ya kiti, hadi kwenye kile kitobo cha mkanda, akazijaza kwenye kopo la rangi na kunionyesha. "Hizi mtoto angemeza." Fundi aliyenioshea gari siku ile ya msiba hakuziona hizo. Mimi ningefanya nini hapo, nimwambie toka?

Akafungua blanketi. Kioo tayari kina tinti nyeusi. Nikamuuliza mbona tinti, akasema hiyo ni zawadi, wezi wasione ndani tena. Akakiegesha mlangoni, kona ya nyuma ikagoma kidogo. Akaniambia hivi vya Japani wakati mwingine vinazidi milimita mbili tatu, si tatizo. Akatoa almasi yake ya kukatia vioo mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa ya macho. Akapaka mafuta ya taa kwa kidole, akaweka rula ya chuma, akapitisha almasi mara moja, krrrr, akagonga kwa chini taratibu. Tak! Kona ikaachia, imenyooka. Akachana tinti kwa wembe, akasugua ukingo kwa msasa. Mama mkwe akapiga makofi. Nami nikampigia.

Ni hapo nikaingia ndani kuchemsha chai. Mama mkwe alikuwa kibarazani, ila anasema kijana alikuwa upande wa pili wa gari na mlango umefunguliwa wote, yeye anaona kichwa tu kinapanda kinashuka. Niliporudi na chapati kava la mlango lilikuwa limesharudi na skrubu anakaza ya mwisho. Akanionyesha tyubu, "Gundi ya kazi ngumu dada, usishushe kioo siku tatu. Na swichi nimeichomoa kwa ndani, mtoto asije akabonyeza ikaharibu." Yaani kanifikiria hadi mtoto!

Laki na arobaini. Nilipoingiza namba ya simu aliyonipa ya kulipia, jina likawa la mwanamke. Akacheka kwa aibu, "Ya wife hiyo dada, laini yangu ina mkopo, pesa ikiingia tu wanakata." Nani hapa laini yake haina mkopo? Nikalipa. Akala chapati, akamuaga mama mkwe kwa mikono miwili. Mama akambariki. Akambariki!

Alhamisi tunateremka Barakuda, lile tuta kubwa, mwendo wenyewe wa kawaida. Nikasikia mlio mkavu. Kioo kikakatika kuanzia juu hadi chini, na kipande kirefu, chenye ncha, kikaanguka ndani kwenye mapaja ya mama mkwe. Kitenge na khanga mbili alizojifunga kwa sababu ya baridi ndizo zilizomwokoa. Mkono ulichanika, tukamshona Muhimbili kabla hata ya hiyo kliniki. Mama wa watu ana sukari, kidonda kwake mnajua maana yake.

Sasa fundi wa Ilala, yule wa siku zote, alipofungua kava la mlango alinyamaza kwanza. Kisha akaniita. Ndani hakuna mashine ya kioo. Mota hakuna. Nyaya zimekatwa, zimezungushiwa soltepu nyeusi. Kioo kimesimamishwa juu ya kipande cha mbao ya boriti, mbao ina msumari umepinda bado, na pembeni kimezibwa kwa silikoni ile nyeupe ya kuzibia sinki. Ndiyo maana "usishushe siku tatu". Ishuke na nini?

Akanieleza jambo ambalo niliapa nitawaambia wote. Kioo cha mlango wa gari, kwa magari mengi kama hii IST, kinapikwa motoni kiwandani na kupozwa ghafla, ndiyo maana kikivunjika kinakuwa punje na hakikati watu vibaya. Kikishapikwa HAKIKATWI. Ukikipitishia almasi na kukigonga, kinalipuka chote mkononi mwako. Kwa hiyo mtu akikata kona ya kioo cha mlango mbele yako na kikakatika vizuri, hicho ni cha dirisha la nyumba. Cha mbele, windskrini, ni habari nyingine, kile ni vioo viwili vina plastiki katikati, kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana. Haya, nani kati yenu alilijua hilo? Semeni ukweli. Mjomba wangu ameendesha malori miaka thelathini, hakulijua.

Nimempigia, simu haipatikani. Nikapiga ile namba ya "wife", mama mmoja akapokea, nikajitambulisha kwa utaratibu kabisa, akasema nimekosea namba. Na ndiyo namba ileile niliyoilipa! Nikapiga tena, nimeblokiwa. Na huyo naye namtaka. Laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, pesa yangu imeingia kwake, basi na yeye asimame kizimbani pembeni ya mumewe, kama ni mumewe.

Polisi nimerudi. Wa kwanza mapokezi akaniambia hilo ni la madai, mlikubaliana bei akafanya kazi, niende mahakama ya mwanzo. Nikamwambia afande, mashine ya kioo tulikubaliana bei gani? Akaniita mkubwa wake. Mkubwa akasikiliza vizuri, akauona na mkono wa mama mkwe, sasa kuna RB mbili, ya kuvunjiwa na hii ya wizi na kujipatia fedha kwa udanganyifu. Swali lao la kwanza lilikuwa risiti. Kila siku tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mimi nina ujumbe wa muamala tu. Wanasema unasaidia. Namba zote mbili nimezituma pia 15040, kule TCRA wanakopokea namba za matapeli.

Mnaoniuliza inbox dalili ni zipi: angalieni pembeni chini ya kioo, kile cha kweli kina muhuri uliochomwa, jina la kiwanda na alama, herufi E kwenye duara au JIS za Kijapani, na haufutiki kwa kucha. Changu kilikuwa na tinti hadi pembeni, na sasa najua tinti ilikuwa ya nini. Ukingo uwe wa mviringo, usikwaruze. Kwenye IST kioo kinafungwa kwa nati kwenye mashine yake, siyo gundi, kwa hiyo anayekuambia subiri gundi ikauke mwambie akishushe na kukipandisha hapohapo kabla hujalipa. Na angalieni jina linalotokea mnapolipa, liwe lake. Na usitoke hapo kwenye mlango, hata kama chai inamwagika jikoni. Mengine fundi alinitajia nimesahau, nilikuwa nalia.

Lakini dalili zisiwe ndiyo hoja. Hoja ni kwamba huyu mtu anatakiwa awe ndani LEO. Laki na arobaini, mashine na mota nyingine, kioo kingine, dawa, siku za kazi, sawa, vitu hivyo vinahesabika. Je, kile kipande kingeangukia shingo? Mwizi aliyevunja gari msibani alichukua begi akaenda zake. Huyu alikaa chini, akala, akabarikiwa na mgonjwa, akijua amemwekea panga juu ya mapaja. Afungwe. Afungwe na almasi yake ichukuliwe, na ile pikipiki ipigwe mnada. Wapo wanaosema ana mkono hata kwenye uvunjaji wenyewe, kwamba wanavunja usiku yeye anafunga mchana. Hilo sina ushahidi nalo, nawaachia wapelelezi. Mama mkwe eti anasema labda ni njaa, tumwombee. Yeye aombe. Mimi nafuatilia faili.

Jina analotumia, namba za simu na herufi nilizozishika za pikipiki viko kwa mpelelezi, hapa siziweki. Aliyefungiwa kioo na kijana wa maelezo haya, maeneo ya kwetu au popote, usisubiri tuta. Mpe fundi unayemwamini afungue kava la mlango, piga picha kila kitu kabla hakijaguswa, usitupe mbao wala silikoni, kafungue jalada kisha nitafute nikupe namba ya RB yangu mafaili yaunganishwe. Wawili tayari wamenipigia, mmoja yuko Kimara na mashine yake imeondoka hivyohivyo. Yule wa Kimara amebaki na blanketi la huyo tapeli, alilisahau.