Darasa la vioo vya rangi Shangani, Mtwara: hela yangu imeenda wapi

Wadau wa Mtwara na Lindi mlionifuata pembeni kuuliza kuhusu lile darasa la vioo vya rangi kule Shangani, nimemaliza kozi ya mwanzo na naandika kwa kirefu ili nisirudie kwa kila mtu. Kwa kifupi nendeni, hela yenu haipotei. Ila mjue kabisa kwamba pale kinachofundishwa kwanza ni kukata, na kukata kunachosha, kwahiyo kama unachotaka ni kitu kizuri cha kutundika dirishani wikiendi hii hii basi nunua kilichotengenezwa tayari, utajiokolea muda.

Siku za mwanzo hakuna anayegusa kioo cha rangi. Unapewa vipande vya kioo cha kawaida, yale mabaki ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu, unapewa kikata kioo chenye kigurudumu kidogo sana mbele, na kikopo cha mafuta ya kukilainisha (mwalimu anasema ukikosa hayo hata mafuta ya taa yanafaa, mafundi wa zamani walitumia hayo hayo). Anachora mistari kwa makapeni halafu anakwambia kata. Na hapo ndo darasa lenyewe lilipo, maana kumbe kile kikata hakikati kabisa, kinakwaruza tu juu. Unaanzia ukingo mmoja unamalizia ukingo wa pili bila kusimama njiani, mkono uwe na nguvu ile ile mwanzo mwisho, na sikio liwe wazi. Ukibonyeza sawasawa kinatoa sauti nyembamba inayoendelea bila kukatika. Kikiwa kimya umegusa tu, na ukiona unga mweupe na vichembe vinaruka umebonyeza mno. Na ni mara moja tu, kurudia juu ya mstari ule ule ni mwiko, unaharibu kigurudumu na ufa unaenda unakotaka wenyewe.

Baada ya hapo ndo unakishika kioo huku na huku ya mstari, vidole gumba juu, ngumi chini, unakunja kwa nje na kinaachana. Ni kama muuza kanga anavyotenganisha doti, anaanzisha kidogo kwa mkasi kingine kinafuata chenyewe.

Shughuli iko kwenye mikunjo inayoingia ndani. Mama mmoja wa Ligula alikuwa anakata jani la mkorosho, pale linapobonyea karibu na kikonyo kioo kikawa kinapasuka kila akijaribu, akasema, "Mwalimu, hiki kioo kimegoma." Mwalimu akaja akakaa pembeni yake, hakuchukua kikata mkononi mwake, akamwambia, "Hakijagoma mama yangu, unakidai kitoe donge lote kwa mkupuo. Piga mistari midogo midogo ya kupinda, toa ganda moja moja kwa plaizi." Akafanya hivyo, ganda la kwanza, la pili, la tatu, mpaka akafika kwenye mstari wake. Tulipiga makofi darasa zima. Ufa wa kioo hauwezi kufuata kona ya ndani iliyo kali, hata uwe na mkono wa namna gani, na kuna maumbo ambayo hayakatiki kwa mkono, dawa ni kubadilisha mchoro. Hilo tulifundishwa mapema kabisa, kuchora kitu ambacho kioo kitakubali.

Hicho cha kutochukua kifaa mkononi mwa mwanafunzi nakitaja makusudi. Kuna sehemu nilishasoma kabla ya hii, mkoa mwingine, sitaji jina, mwalimu alikuwa ukikwama kidogo tu anakunyang'anya anamalizia yeye, tena sehemu ya kulehemu walifanya wao wenyewe jioni sisi tumeshaondoka. Nilirudi nyumbani na kipepeo kizuri sana ambacho sikujua kimeungwaje. Hapa Shangani kazi yako ni yako, ikitoka imepinda imepinda, na unajua kwanini.

Vipande vikishakatika unavisaga kingo kwenye grenda yenye maji, halafu unavizungushia utepe wa shaba wenye gundi. Utepe unatakiwa ukae katikati ya unene wa kioo ili ubaki sawa juu na chini. Ukienda upande hata kidogo, mstari wa risasi utakaoyeyushwa juu yake kuunganisha vipande utatoka mwembamba huku mnene kule na hauna pa kuuficha. Halafu unasugua kwa kijiti mpaka utepe ulale kabisa. Njia hii ilipata umaarufu kwa Louis Comfort Tiffany wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, zile taa zake za vipande vidogo vidogo, kwasababu utepe ni mwembamba na unakubali kona ambazo fremu nene ya risasi haiwezi.

Na hapa kuna jambo la kwetu watu wa pwani ambalo huwezi kulipata kwenye video za wazungu. Shaba na hewa ya chumvi havipatani. Ukifunga utepe Jumamosi hii ukaacha wazi mpaka Jumamosi ijayo unakuta umefifia umekuwa wa kahawia, na risasi haishiki vizuri. Studio wanakupa kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ukirudi unapitisha stilwaya laini kabla ya kupaka flaksi, ile dawa inayosaidia risasi kushika kwenye shaba. Kidogo tu lakini ndo kinachotofautisha mtu aliyefundisha mahali hapa na aliyesoma tu.

Kulehemu kwenyewe kunapendeza kuliko yote, nakiri nilikuwa naisubiri hiyo. Wanatumia waya wa bati 60 kwa risasi 40, unayeyuka kwenye nyuzi 188 hivi, na ukienda taratibu unapata ule mgongo wa mviringo uliojaa, unang'aa. Sasa kwa kuwa kuna risasi, usafi wao nimeupenda sana: hakuna kula wala kunywa mezani, kuna beseni na sabuni mlangoni, hutoki kwenda kunywa chai bila kunawa, na mama mjamzito anaambiwa ukweli kwamba asubiri. Watu wanaogopa moshi, lakini moshi ule mwingi ni wa flaksi (nao usiuvute, madirisha yawe wazi), risasi inakuingia zaidi kwa mikono michafu inayokwenda mdomoni.

Yasiyonifurahisha. Grenda ni moja kwa darasa zima, kwahiyo foleni, na siku ya kusaga nusu ya muda umesimama unasubiri zamu. Waongeze ya pili hata kama ada itapanda kidogo. Vioo vya rangi havipo vya kutosha pia, vinaagizwa nje na kupitia Dar, na ukitaka nyekundu au pinki jiandae mfuko, rangi hizo ni ghali dunia nzima kwasababu pinki nzuri inatengenezwa kwa dhahabu na nyekundu nyingi kwa seleniamu na kadimiamu. Bluu ya kobalti na kijani ndo nafuu, ndo maana kazi nyingi pale ukutani ni bahari na majani. Chupa za bia usibebe, zimepinda, hazilali na vioo bapa bila tanuri.

Na tanuri hakuna. Nalisema kwasababu darasani kwetu alikuwepo kaka kutoka Masasi aliyekuja akitegemea kujifunza kuchora nyuso za watakatifu. Nyuso za kwenye madirisha ya makanisa zinachorwa kwa rangi ya unga wa kioo na madini halafu zinachomwa kwenye joto kali mpaka zishikane na kioo, pale hawafanyi hiyo. Ila mwalimu alimpa wazo zuri, aende kanisa la St. Paul pale Majengo akaangalie picha alizochora Padre Polycarp Uehlein ukutani, ni rangi za ukuta hizo, wala sio kioo, lakini jinsi alivyogawa uso na nguo kwa maeneo makubwa ya rangi moja moja, hiyo unaweza kuihamishia kwenye vipande. Kaka alienda, na paneli yake ndo ilikuwa bora kuliko zetu wote.

Umeme ukikatika hampotezi siku, kukata na kufunga utepe havihitaji umeme, mwalimu anageuza ratiba hapo hapo. Madirisha ya fremu za risasi ni kozi ya pili, bado sijaingia.

Ukienda: viatu vya kufunika, sio ndala, vichembe vya kioo viko sakafuni hata wafagie vipi. Nywele ndefu funga. Miwani ya kujikinga wanatoa wao. Watoto chini ya miaka 12 hawapokelewi. Ada unaweza kulipa nusu kwanza, na msimu wa korosho ukianza nafasi zinajaa haraka kwahiyo wahini kabla ya Oktoba.