Mshipi wa kununua kama boti yako ina sona

Boti zenye sona, kile kifaa cha kutafuta samaki kwa sauti ambacho wengine wanaita fishfainda, zinaanza kuonekana hapa Dar, Kunduchi, Feri mpaka huko Kigamboni na mi nafurahi kweli, ila kuna kitu kinaniuma. Mtu anatoa pesa ndefu kwenye kioo cha sona, afu akifika kwenye mshipi anachukua wowote aliopewa dukani, bora tu aambiwe unabeba kilo nyingi. Hapo ndo pesa ya sona inapozama.

Siku moja tulikuwa nje ya Kigamboni, maji mita 40, bamvua imekolea, kioo kinaonyesha samaki wamejazana juu ya mwamba, wingu zima jekundu. Tunashusha nailoni ya milimita 0.90 na chubwi la nusu kilo, mshipi unakwenda upande badala ya kwenda chini, ukiushika unausikia unatetemeka vidoleni kwa jinsi maji yanavyousukuma, na kwenye kioo chambo chetu hakionekani kabisa. Mjomba, ndo nahodha, akaangalia kioo, akaangalia mshipi, akasema, "Mwanangu, samaki tunao hapa, chambo ndo hakipo."

Alikuwa sahihi. Sona inapiga sauti kwenda chini na hiyo sauti inatanuka kama mwanga wa tochi. Kwa pembe ya digrii 20, ambayo ni ya kawaida kwa sona ndogo za kilohezi 200 (kasi ya mtetemo wa sauti yake), upana wa duara unaloona kule chini ni kama theluthi moja ya kina, kwahiyo kwenye mita 40 unaona duara la mita 14 hivi, yaani mita 7 kila upande. Mshipi ukilala digrii 15 tu chambo kiko zaidi ya mita 10 pembeni, unavua mahali ambapo sona yako haioni. Na kinachoulaza mshipi ni unene, maji yanasukuma unene, hayajui kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Kwahiyo dukani soma milimita kwanza, paundi (nguvu ya mshipi) baadaye.

Namba moja kwangu ni breidi, ule mshipi wa kusuka, tena ile ya rangi inayobadilika kila mita 10. Kwa nguvu ileile ni nyembamba mno ukilinganisha na nailoni, breidi ya paundi 30 ina unene wa nailoni ya paundi 8 hivi. Haivutiki, changu akidonoa tu kule chini unamsikia. Na hizo rangi ndo utamu wenyewe bana, sona ikikwambia samaki wako mita 32 we unahesabu rangi tatu zimepita, unaachia mita mbili, kama mkondo upo unaongeza kidogo, unasimamisha hapohapo puani kwao, maana samaki wanaoelea katikati ya maji hutawapata kwa chambo kilicholala chini. PE ni kipimo cha unene wa breidi: PE 2, ambayo ni milimita 0.23 hivi, inatosha kabisa kwa changu na kolekole wa kawaida, ukifuata chewa wakubwa panda PE 4.

Ubaya wake ni mwamba. Breidi ikigusa tumbawe huku imekazwa inakatika palepale, na chewa akishaguswa na ndoana kitu cha kwanza anachofanya ni kukimbilia pangoni. Kwahiyo mbele, kati ya breidi na ndoana, funga lida, yaani kipande cha mshipi mwingine, ya fluorokaboni (aina ya plastiki nzito kuliko nailoni), mita 3 mpaka 5, ni ngumu kwa kusuguliwa, inazama, na majini haionekani kirahisi. Afu kwenye rili anza na mizunguko kadhaa ya nailoni kabla ya breidi, bila hivyo breidi yote inateleza inazunguka kwenye rili kama haijafungwa.

Namba mbili ni nailoni, na kama unavua kwa mkono bila rili basi kwako ndo namba moja, breidi usiiguse, itakukata vidole mpaka mfupa. Chukua ya milimita 0.60 au 0.70, achana na hizo nene. Ukiivuta mpaka karibu na kukatika inarefuka kama robo ya urefu wake, ndo maana kina kirefu midono midogo huisikii, ila huohuo mvutiko unakusaidia samaki mkubwa akishtuka, mdomo hauchaniki. Rangi hazipo, zitengeneze mwenyewe: uzi wa cherehani mwekundu, unauzungushia kila mita 5 unadondoshea gundi kidogo. Na usinunue rola lililoning'inizwa nje ya duka, jua linaila nailoni, omba la ndani.

Fluorokaboni rili nzima naiweka ya mwisho. Ni ghali, ni ngumu, inajikunja kunja. Inatosha kuwa lida.

Mtashangaa mbona video za mtandaoni zinasema tofauti. Nyingi zinatoka Ufini au Marekani kule Minnesota, ziwa limeganda, wanatoboa tundu kwenye barafu wanashusha mshipi wima chini ya sona. Barafu haisogei kama boti yetu na maji ya chini yametulia, kwahiyo hata nailoni ya paundi 4 inashuka wima, na breidi wengi wanaikwepa kwa sababu inanyonya maji afu yanaganda juu yake. Sisi shida yetu ni mkondo.

Kuna kitu kingine, feki. Nilishauziwa nailoni kwa bei ya fluorokaboni duka moja hapa mjini, tangu hapo nina kipimo changu. Glasi ya maji, koroga chumvi ya mezani mpaka ifike mahali haiyeyuki tena. Kata kipande cha sentimita moja, kishike na vidole vyenye sabuni ili mapovu yasikibebe, kizamishe. Fluorokaboni inashuka moja kwa moja mpaka chini ya glasi, nailoni inapanda juu, na breidi inaelea hata kwenye maji yasiyo na chumvi. Usipime kwa kiberiti, moshi wa fluorokaboni ni sumu. Na ukitaka kujaribu mshipi mpya usiende Bongoyo wala Mbudya, zile ni hifadhi za bahari.

Breidi nunua mita 300 hata kama unavua mita 40. Kila ukirudi isuuze na maji ya bomba, na zile mita za mwanzo zikianza kutoka manyoya geuza mshipi wote, uanze na upande uliokuwa ndani ya rili, huo bado mpya.