Nimeuza bunduki yangu Nakuru kupitia dukani: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Nianze na malalamiko. Duka hili la silaha hapa Nakuru lilinikata asilimia kumi ya bei, likanitoza shilingi elfu moja kwa kila mwezi bunduki ilipokuwa imewekwa kwao, na katika mara nne nilizofika sikupewa hata maji ya kunywa. Kiti cha wateja ni kimoja, mguu wake umefungwa kwa waya. Jina la duka silitaji. Watu wa biashara hiyo hawapendi kutangazwa ovyo, na kwa hilo siwalaumu.

Nilichokuwa nauza ni bunduki ya marisau, geji 12, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kazi ya Birmingham. Nilikuwa nayo tangu 1989. Sikuwahi kuwinda nayo, maana uwindaji ulishapigwa marufuku nchini tangu 1977. Kazi yake ilikuwa kutisha nyani wasimalize mahindi yangu huko juu ya Njoro, na mara nyingi ilitosha kuitoa nje tu waione. Sasa jicho la kulia lina mtoto wa jicho, wanangu wako Nairobi na hakuna anayeitaka, na kila mwaka kuna cheti cha kufanya upya. Serikali ilipoamuru Desemba 2018 kwamba raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya ndani ya siku 90, nilipanga foleni na vijana wenye bastola kiunoni, mimi na mkongojo wangu. Siku ile ndipo nilipoanza kuichoka.

Mnunuzi wa kwanza alinipata kabla sijalijua duka. Alisikia habari kwa mashine ya kusaga, akanipigia simu. Sauti ya adabu, ananiita mzazi, anauliza hali ya mama nyumbani. Nilitaka laki moja na nusu. Yeye akasema atanipa laki moja na themanini, pesa taslimu, tukutane kituo cha mafuta pale Njoro Interchange saa moja jioni. Nimeuza ng'ombe, ngano, hata trekta, na sijawahi kuona mnunuzi anayempandishia mwenye mali bei.

Lakini niseme ukweli, kilichonisumbua zaidi ya hofu ni haya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, naijua: humkabidhi mtu bunduki, hata awe jirani yako wa miaka mingi, kabla hajakuonyesha cheti kinachomruhusu kuwa nayo. Sasa mtu aliyekuita mzazi na kukuagizia chai utaanzaje kumwambia, "Hebu toa cheti nikione"? Na akikitoa, mimi mwenye jicho moja nitajuaje kama ni cha kweli au kimechapishwa kwa wale wa kughushi River Road, Nairobi?

Mwenzangu wa kanisani, polisi mstaafu, ndiye aliyenielekeza dukani. Nikamwambia yule kijana tukutane huko, saa nne asubuhi. Nilidhani atakata simu. Alikuja, tena mapema kuliko mimi.

Karani ni binti mwenye miwani, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Salamu hazijaisha, ameshaifungua bunduki kwenye bawaba na kuchungulia mitutu yote miwili kuhakikisha ni mitupu. Akamulika nambari kwa tochi ya simu, akailinganisha na cheti changu, akisoma tarakimu moja moja kwa sauti. Akahesabu risasi: kumi na moja. Mimi nilikuwa nimesema kumi na mbili. Akaniangalia juu ya miwani, hasemi kitu, mpaka nikakumbuka asubuhi moja ya Machi nyani walipoingia jikoni na mke wangu akiwa ndani. Akaandika yote kwenye daftari kubwa, nikatia sahihi.

Kisha akamgeukia mgeni wangu.

"Cheti, kaka."

Akatoa. Karani akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia.

"Hiki ni cha bastola. Hii ya mzee haimo. Itabidi uende kwa Bodi ya Leseni za Silaha kwanza."

"Nitaenda wiki ijayo. Nimetoka mbali, dada, nipeni tu leo."

"Basi na bunduki utaichukua hiyo wiki ijayo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mama wa sokoni anayekataa noti iliyochanika. Kijana akacheka, akaniaga vizuri: "Mzazi, tutaonana." Hatujaonana. Huenda alikuwa mtu mwema mwenye haraka zake, simhukumu. Ila hizo pesa walizonikata baadaye, nyingi naziandika kwa dakika ile.

Mnunuzi mwenyewe alipatikana mwezi wa tatu wa kungoja, mkulima wa Mau Narok mwenye shida ya nyani kama yangu. Alianza na laki moja. Akaonyesha ufa kwenye kitako, akalalamikia kilio cha bawaba, akainuka kama anayeondoka, akaketi tena. Tukapatana laki moja na thelathini na tano baada ya karibu saa nzima, na nikampenda kwa hilo. Karatasi zikaenda kwa Bodi, pesa zikapitia benki, na hakuchukua kitu mpaka cheti chake kiliporudi kimeandikwa bunduki hiyo. Wiki sita.

Nyota ya tano imebaki kwangu kwa sababu ya hizo wiki sita. Hawakunipigia simu hata mara moja. Kila habari niliifuata mwenyewe kwa matatu, na risiti ilipotoka jina langu lilikuwa limekosewa, ikabidi nirudi tena. Ukienda, beba cheti halisi na kitambulisho, uhesabu risasi zako nyumbani kabla hujatoka, na ufike asubuhi, kabla hicho kiti hakijapata mwenyewe.

Kasha la chuma tulilofungia bunduki bado limepigiliwa ukutani chumbani. Mke wangu ameweka humo hatimiliki ya shamba na mbegu za maharagwe, na ufunguo siku hizi anakaa nao yeye.