Kipimo cha mkojo cha 5-HIAA mjini Unguja: nyota tatu, na lile suala la joto la mwili

Nyota tatu kati ya tano, na wallahi hizo tatu nyingi ni za kijana anaekusanya sampuli, bila yeye ningewapa moja nikaenda zangu. Jina la maabara sitolitaja, mji huu mdogo tunakutana harusini na maulidini, lakini ni katika zile za binafsi ambazo vipimo vikubwa hawavifanyi wenyewe, wanapokea chombo, wanakifunga, wanakipeleka Bara. Naandika hivi kwa sababu yamezuka maneno mjini kuwa kuna utafiti umeona taka ya serotonini (kemikali ya mwilini, na taka yake inayotoka na mkojo ndo hiyo 5-HIAA) ndo inayopandisha joto la mwili, na sasa kila mwenye kuhisi moto kifuani anataka akapimwe hiyo taka, hata hajaandikiwa na daktari.

Aliekwenda kupimwa kwetu ni mama mdogo, katoka Wete, umri wake unaikaribia hamsini. Uso unamuwaka ghafla, usiku anarowa jasho mpaka shuka anabadilisha, na tumbo la kuendesha linakuja linaondoka. Daktari akasema uwezekano mkubwa ni kukoma hedhi lakini kwa vile tumbo lipo na uso upo, tuondoe shaka kwanza, akaandika 5-HIAA ya mkojo wa masaa 24. Sawa.

Kwa asiejua, kipimo chenyewe kina akili nzuri tu. Serotonini watu wanaijua kama ya furaha ya kichwani lakini karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili iko matumboni, haipo kichwani. Ikishatumika mwili unaivunja kwa kimeng'enya kinachoitwa monoamini oksidesi, na mwisho wa kuvunjwa inakuwa asidi ya haidroksiindoliasetiki, hiyo ndo 5-HIAA, inatoka na mkojo basi. Sasa kuna aina ya uvimbe, kasinoidi, mara nyingi unaanzia kwenye utumbo mwembamba, unakua polepole na unaweza kumwaga serotonini kupita kiasi. Ukiwa bado utumboni tu, ini linaisafisha hiyo serotonini kabla haijazunguka mwilini na mtu hahisi kitu, ukishahamia kwenye ini ndo mtu anaanza kuwaka uso na kuharisha, na ukiachiwa muda mrefu unaharibu hata vali za moyo upande wa kulia. Kwa hiyo wanakusanya taka ya siku nzima waone ni nyingi au ya kawaida.

Haya, huduma. Mapokezi pale ni baridi, kiyoyozi na wahudumu wote. Dada kachukua pesa (laki na kitu, tuliguna lakini tukatoa), katupa chombo kikubwa cha plastiki na karatasi ya Kiingereza ambayo imefotokopiwa mpaka herufi zimefifia, akamwambia mama mdogo "rudi nacho kesho kikijaa". Kikijaa! Hakijazwi kile, kinakusanywa masaa 24, kikijaa nusu ndo hivohivo. Mama mdogo kwa heshima zake za Kipemba kaitikia tu, "ahsante mwanangu", mie ndo nilibaki nauliza, na majibu niliyopewa ni kuwa kila kitu kimo kwenye karatasi.

Kijana wa sampuli ndo alietuokoa, alitupigia simu jioni mwenyewe, hajaambiwa na mtu, akauliza bibi kala nini leo. Kala nini? Ndizi mkono wa tembo za nazi. Akasema basi msianze, litupeni karatasi lile, nisikilizeni. Na hapa ndo pa kuweka masikio mtu yeyote anaekwenda kupimwa: kwa masaa 48 mpaka 72 kabla ya kuanza na wakati wote unakusanya, hakuna ndizi za aina yoyote, mbichi, mbivu, za kukaanga, hakuna nanasi, hakuna parachichi, hakuna tungule, hakuna biringani, na zile karanga za jozi za Kizungu pia hakuna. Vyakula hivi vina serotonini ndani yake, ukivila mwili unaivunja hivohivo na kipimo kinapanda, unaletewa majibu ya uvimbe kumbe ni futari.

Sasa mfikirieni mtu wa Pemba anaambiwa asile ndizi, asile nanasi, na mchuzi usitiwe tungule. Nyumba nzima tuligeuka. Tulikuwa tunapika mchuzi mweupe wa nazi na ukwaju, samaki wa kukaanga, wali, mbatata, na kachumbari ya vitunguu vitupu ambayo mama mdogo aliitazama kama mtu alietukanwa. Lakini alishika masharti kuliko hata mimi ambae nilikuwa nakwenda kula urojo wangu Forodhani kimyakimya.

Madawa nayo yamo. Panadoli inaweza kuvuruga kipimo, dawa za kikohozi zenye guaifenesini pia, na dawa za huzuni na wasiwasi zinagusa serotonini yenyewe kwa hiyo lazima daktari ajue, lakini usiziache kwa kichwa chako, muulize aliekuandikia. Haya yote mapokezi hawakuuliza hata moja. Kwa maabara inayotoza pesa ile, hii kwangu ni kasoro kubwa kuliko kiyoyozi kibovu au kuchelewa, mana ukikosea hapa hela na siku zako zote zimekwenda bure na pengine unapewa khofu ya bure juu yake.

Kukusanya kwenyewe: mkojo wa kwanza wa asubuhi unautoa chooni, unaandika saa, halafu kila tone baada ya hapo linaingia kwenye chombo mpaka asubuhi ya pili saa ileile, na ule wa asubuhi ya pili unaingia. Ukisahau mara moja tu anza upya. Ndani ya chombo kuna asidi kidogo ya kuhifadhi, sisi chetu hakikuwa hata na alama ya hatari, kijana ndo alieonya kuwa usikojolee humo moja kwa moja, tumia kikopo halafu mimina taratibu, na watoto wasikisogelee. Na kiwekwe baridi. Kwa hiyo friji letu lilikaa na chombo kile kimeviringwa kanga, kando ya maziwa ya mtindi, umeme unakatika unarudi, na kila anaefungua friji mama mdogo yuko mlangoni "hicho si cha kunywa!" Tuliagiza barafu kwa jirani siku umeme ulipokatika kwa muda mrefu. Kijana akaja kukichukua na vespa yake mwenyewe, kaweka kwenye boksi la barafu, kamwandikia saa ya kuanza na ya kumaliza, kampa mama mdogo pole. Nyota zake hizo.

Majibu yalikuja kwenye simu, PDF, yalichukua muda zaidi ya walivyoahidi lakini si sana. Shida nyengine: namba ilikuja kwa maikromoli na daktari wetu amezoea miligramu, na karatasi haina hesabu ya kubadilisha. Maabara nyingi mpaka wa juu ni kama miligramu 8 kwa masaa 24, ambazo ni kama maikromoli 42, kwa hiyo ukiona 30 usizimie ukidhani umezidisha mara nne, angalia kwanza kilichoandikwa pembeni ya namba. Mama mdogo alikuwa chini ya mpaka, alhamdulillahi. Daktari kasema jibu zuri la mara moja linatuliza lakini dalili zikizidi anaweza kurudia au kuongeza kipimo cha damu cha kromogranini A, protini ambayo uvimbe wa aina hii huimwaga kwenye damu.

Sasa lile joto. Tulipokwenda kuchukua karatasi yenye muhuri, yule mtu wa dirishani akamwambia mama mdogo, "hii ikiwa juu ndo inapandisha joto lako bibi, ikiwa chini joto linashuka", kwa sauti ya ujuzi kabisa. Na pembeni kuna bango la vidonge vya kupunguza taka ya serotonini. Mie hapo ndo niliikata nyota.

Kwa sababu habari ya serotonini na joto ni ya kweli lakini haiko hivo. Mwanzo wake ni London, mwaka 1963 na 1964, watafiti Wilhelm Feldberg na R. D. Myers walitia serotonini moja kwa moja kwenye vyumba vya maji vya ubongo wa paka, joto la paka likapanda. Wakatia adrenalini na noradrenalini, kemikali nyengine za mwilini, likashuka. Wakasema basi, huenda ubongo unarekebisha joto kwa kuzipatanisha hizi. Nzuri sana, mpaka wengine walipojaribu kwa sungura mwaka 1965 mambo yakageuka, noradrenalini ndo ikapandisha joto. Yani mnyama na mnyama hawakubaliani, na wewe mtu wa dirishani unamwambia bibi wa watu kwa namba moja ya mkojo kuwa joto lake linatoka wapi?

Na mkojo unasema habari za tumbo zaidi kuliko za kichwa, mana huko ndo serotonini nyingi iliko. Watafiti wakitaka kujua ubongo umetumia serotonini kiasi gani wanapima 5-HIAA kwenye maji ya uti wa mgongo, si kitu cha kufanyiwa mtu aliekuja kwa jasho la usiku. Hata huko, kuona taka imezidi na joto limezidi kwa wakati mmoja haina maana taka ndo imepandisha joto. Serotonini ikitumika sana taka yake itaongezeka tu, kama majivu yanavyojaa jikoni kukipikwa sana, na hakuna aliewahi kupika wali kwa majivu. Utafiti wowote unaosema hivi viwili vinakwenda pamoja uliza kwanza walipima wapi, kwa mnyama gani, na kipi kilitangulia.

Pahali ambapo serotonini na joto vimeshikana kweli kwa binadamu, na hapa sitanii, ni pale dawa zinapogongana. Mtu anakunywa dawa ya huzuni, akapewa na tramadoli ya maumivu, au akachanganya na sharubati ya kikohozi yenye dekstromethofani, serotonini ikazidi: anatetemeka, misuli inakakamaa na kurukaruka, jasho, moyo mbio, anachanganyikiwa, na joto likipita 41 hapo ni roho. Panadoli hapo haisaidii kwa sababu joto lile linatoka kwenye misuli inayofanya kazi bila kusita, ubongo haukuagiza homa. Ni hospitali haraka, na mkojo wa masaa 24 haumo kabisa kwenye habari hiyo. Mngeweka bango hilo pale dirishani badala ya vidonge, khasa kwa jinsi tramadoli inavyochezewa mitaani.

Na kwa mama mdogo wala halikuwa joto la homa. Nilinunua kipimajoto cha dijitali kwenye duka la dawa Darajani, akiwaka tu nampima, 36.7, 36.9, mara ya usiku shuka limerowa 36.6. Uso una moto ukimgusa, mishipa ya ngozi imefunguka, lakini ndani mwili uko pale pale. Daktari katazama orodha ile akasema hii imemsaidia kama kile kipimo cha laki. Na cha kuchekesha zaidi, kule Marekani mwaka 2013 waliidhinisha paroksetini ya miligramu 7.5 kwa ajili ya moto huu wa kukoma hedhi, nayo ni dawa inayoiacha serotonini ikae zaidi baina ya mishipa ya fahamu. Ingekuwa serotonini kila pahali inaleta joto basi dawa ile ingewachoma wanawake wa watu.

Kwa hiyo je, uende? Ukiandikiwa na daktari, uso unawaka na kuharisha pamoja, nenda, kipimo kinafaa na sampuli yetu ilifika salama, hilo siwanyimi. Ukiwa unahisi joto tu nunua kipimajoto kwanza ukamwone daktari na orodha yako. Vidonge vya bangoni viacheni palepale. Ukifika mapokezi usimsikilize dada wa karatasi, omba namba ya kijana wa vespa. Na chombo kipelekeni mwanzo wa wiki, kikifika Ijumaa mchana hakiondoki mpaka Jumatatu, hilo hawakwambii mpaka umeshalipa.