Pampu ya maji ya Yamaha 15 ya zamani: nunua seti nzima, si impela peke yake

Mashine yangu ya boti ni Yamaha Enduro 15, ile ya silinda mbili inayokunywa petroli ya kuchanganya na oili. Niliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa imeshafanya kazi miaka mingi. Siku moja ya bamvua nilichelewa kurudi Tanga, maji yameshakupwa, nikalazimika kupita pembeni ya mikoko huku mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye propela, unachimba tope. Tulipofika usawa wa kisiwa cha Toten nikageuka nyuma: mashine haikojoi, yaani hairushi ule mchirizi wa maji ya kupoza injini, inadondosha matone tu. Harufu ya rangi inayoungua ikanifikia. Nikazima hapo hapo, tukapiga kasia hadi Deep Sea, pwani ya Tanga.

Nikanunua impela peke yake, ile raba yenye mapanga inayozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji, ya bei ndogo, haina hata jina la kiwanda. Nikaifunga, nikaijaribu mashine ndani ya pipa. Mkojo ukatoka, lakini mlegevu, na kichwa cha silinda kikachemka kiasi kwamba mkono haukai. Nilipofungua tena ndipo nikaangalia nilichokipuuza mara ya kwanza. Kikombe cha chuma ambamo impela inazunguka kilikuwa na michirizi unayoihisi kwa ukucha, na bamba lililo chini yake limelika duara kamili. Ni kazi ya mchanga. Hapo raba hata iwe mpya vipi, maji yanapenya pembeni badala ya kupanda.

Nikaagiza seti nzima, halisi: impela, kikombe, bamba, gasketi, oringi na kile kichuma cha nusu mwezi kinachoishikisha impela kwenye shafti. Bei yake ilizidi mara tatu ile ya kwanza, na nakiri iliniuma.

Kuvua mguu ndiko kulikonichosha. Fimbo ya gia lazima itenganishwe kwanza, la sivyo utavuta mpaka uharibu. Bolti moja ilikuwa imeshikana kwa chumvi. Niliilowesha mafuta ya kulainishia kutu usiku kucha, asubuhi nikaipasha moto kidogo, ikaachia. Tafadhali usiitumie nguvu bolti ya namna hiyo. Ikikatikia ndani ya aluminiamu, gharama yake ni nyingine kabisa.

Ile impela ya zamani nilikuwa bado nayo kwenye kopo. Ilipaswa kuwa na mapanga sita; nikahesabu matano. La sita liko wapi? Nikapitisha waya laini kwenye bomba linalopandisha maji, kikadondoka kipande cheusi cha raba, kikubwa kama kucha ya kidole gumba. Kumbe hata ningefunga pampu mpya, kile kipande kingeendelea kuyabana maji. Hesabuni mapanga, jamani.

Kufunga ni rahisi. Paka impela maji ya sabuni, shusha kikombe taratibu huku unazungusha shafti kwa mwelekeo wa saa, ukiitazama kutoka juu, ili mapanga yote yalale upande mmoja. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo. Na usiiwashe mashine nchi kavu hata kwa sekunde chache, maana raba ile inalainishwa na maji yenyewe.

Nilipoiwasha ndani ya pipa, mkojo ukaruka nje ya ukingo na kulowesha miguu yangu. Msimu mzima wa kusi umepita, mkojo ni ule ule, na kichwa cha silinda nakishika bila kuungua.

Lawama zangu kwa seti hii ni mbili. Gasketi ni nyembamba mno, ya kwangu nusura ichanike nikiwa naipachika. Na bolti hazimo. Tafuta mpya za chuma kisichoshika kutu kabla hujafungua, usije ukarudishia zile zilizolika.

Seti ya pili nimeshainunua, iko kwenye kisanduku cha spana, na kila ninapovua mguu kuipaka grisi ile shafti nakitazama kikombe kwanza.