Kisanduku cha kadi za ngoma: nyota nne, ya tano iliangukia thelujini

Nimekitumia miaka miwili sasa kwenye kazi yangu ya jioni, kuita kontra huku Massachusetts, kwa hiyo nina haki ya kukisema.

Kwa asiyejua: kontra ni ngoma ya vijiji vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Watu wanapanga safu mbili ndefu wakitazamana, fidla na piano zinapigwa, na muitaji anataja hatua kwenye maiki kabla mdundo wake haujafika. Akichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unagongana.

Kisanduku ni cha plastiki, dola 9, cha kadi za inchi 4 kwa 6. Wengi huanza na za inchi 3 kwa 5 maana zinaingia mfuko wa shati. Mimi nimeshavuka miaka 50 na taa za kumbi ni hafifu, nikahama.

Kadi moja, ngoma moja. Juu jina lake na la aliyeitunga; huku kutomtaja mtunzi ni utovu wa adabu. Kisha hatua zake kwa mistari minne, mmoja kwa kila sehemu ya muziki: A1, A2, B1, B2, kila mmoja hesabu 16 za mdundo, jumla 64, ndipo kila jozi inasogea kukutana na jozi nyingine na kuanza upya. Nyuma naandika tarehe na ukumbi, nisije nikawapa watu wa Greenfield kiporo cha mwezi uliopita.

Naandika kwa penseli. Kadi zangu za zamani zilisema mabwana na mabibi. Siku hizi kumbi nyingi zinasema "Larks" kwa anayesimama kushoto katika jozi na "Robins" kwa wa kulia, majina ya ndege, nami nilikesha na raba nikifuta. Mama aliniona kwenye simu ya video nimezungukwa na kadi za rangi rangi, akauliza kama nimeajiriwa chekechea.

Ninachokipendea ni hiki. Usiku mmoja nilikuwa nimepanga ngoma 11, ghafla wakaingia wanafunzi kama thelathini ambao hawajawahi kucheza. Kadi iliyofuata ilikuwa na ile hatua ya watu wanne kupishana kama anayesuka ukili. Mpiga fidla akikaza nyuzi, niliichomoa, nikachomeka ya duara na kuzungushana tu. Sekunde kumi hazikufika. Mwenzangu mwenye kishikwambi ana ngoma mia sita na maandishi makubwa kuliko yangu, lakini nimeshamwona akipapasa kioo kilichozimika huku bendi imeshaanza.

Lebo inasema kinabeba kadi 300. Labda za karatasi ya daftari. Zangu nene zikifika 180, kifuniko kinabenuka.

Na kibanio ni dhaifu. Januari, kwenye ngazi za ukumbi, kilifyatuka na kadi zikatapakaa kwenye theluji. Wachezaji waliinama na taa za simu kuniokotea. Za penseli zilipona. Zile chache nilizoandika kwa kalamu ya wino zilichuruzika. Tangu siku hiyo nakifunga kwa mpira wa kufungia noti. Ipo moja niliyoipenda sana ambayo B2 yake imekuwa wingu la bluu, na kila nikiijaribu sebuleni na viti vinne, mke wangu anaishia jikoni.