Lira ya Kigiriki niliyonunua Athens: nyuzi hazishiki, na muuzaji ana dharau

Kama unafikiria kununua lira ya Kigiriki, ile ala ya muziki ya kale ya nyuzi, yenye bakuli la umbo la gamba la kobe na mikono miwili iliyopinda, soma haya kabla hujatoa pesa yako. Nimekasirika, na sina hakika kama nitakuwa nimepoa nikifika mwisho.

Vipimo na aina za mbao sitavitaja, wameviandika wenyewe kwenye tovuti yao na picha zao zinavutia. Bakuli ni la mbao lililochongwa kwa mfano wa gamba, na kwa hilo sina ugomvi hata kidogo. Kobe wa Ugiriki wanalindwa kisheria, na hapana haja ya kuua kiumbe ili mimi nipige muziki sebuleni. Ugomvi wangu uko juu, kwenye mti wa kukingama ambako nyuzi zote saba zinafungwa.

Hapo ndipo roho ya lira ilipo. Wagiriki wa kale hawakuweka vigingi kama vya gitaa. Walichukua ukanda wa ngozi nene ya ng'ombe, wakauviringisha pamoja na uzi kuuzunguka mti wa juu, na msuguano wa ngozi, uzi na mti ndio ulioshika sauti. Ukitaka kupandisha, unausukuma mviringo ule kwa vidole. Ukiuachia, unabaki ulipouacha. Kanda hizo waliziita kollopes. Zimo hata katika Odisei, utenzi wa kale wa Homer: shujaa wake Odysseus anapoutia upinde wake uzi mbele ya wanaume waliokuja kumposa mkewe, anafanya hivyo bila taabu, kama mtu ajuaye muziki anavyouvuta uzi wa utumbo wa kondoo kwenye kollops mpya. Bila taabu, ndivyo mshairi alivyosema, na wasikilizaji wake walimwelewa kwa sababu kila siku walikuwa wakiona jambo hilo likifanyika.

Sasa nieleze nilichouziwa. Kanda zilikuwa za ngozi laini, nyembamba, iliyotiwa rangi, aina ya kushonea pochi. Mti wa juu nao umepakwa vanishi mpaka unajiona usoni. Ngozi laini juu ya vanishi! Unapanga sauti ya uzi wa kati, unaoitwa mese, unahamia wa pili, unahamia wa tatu, ukirudi kusikiliza, mese imeshashuka. Unaikaza tena, jirani yake analegea. Na mese si uzi wa kuchezea. Katika maandishi ya shule ya mwanafalsafa Aristotle kuna swali hili hili: kwa nini mese ikiharibika nyuzi zote zinasikika mbovu, ilhali uzi mwingine ukiharibika unasikika huo peke yake? Wagiriki walizipanga nyuzi kwa kulinganisha, uzi huu na ule kwa uwiano wa sauti wa 3 kwa 2, mwingine kwa 4 kwa 3, kwa hiyo nguzo ikiyumba nyumba yote inayumba. Jioni nzima hotelini sikupata kupiga hata wimbo mmoja. Nilikuwa nakaza tu.

Nikairudisha dukani. Ni duka dogo chini ya Akropolis, sitalitaja jina. Mwenyewe alikuwepo. Akaichukua bila kuniangalia, akakaza uzi mmoja, akaugusa, akasema, "Iko sawa." Nikamwomba asubiri kidogo asikilize tena. Uzi ulikuwa umeshuka, hata mtoto angesikia. Akainua macho kwa mara ya kwanza, akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema: "Hiki kinahitaji mkono wake. Kwenu mna ngoma. Hiki ni chombo cha nyuzi."

Kwenu mna ngoma.

Jamani, babu yangu mzaa mama alikuwa jathum huko Siaya, mpiga nyatiti. Nyatiti ni nini? Ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama, na nyuzi nane zilizoviringishwa kwenye mti huo kwa vitambaa, zinapandishwa na kushushwa kwa vidole. Ni lira! Wakisii wana obokano, Wabukusu wana litungu, Waganda wana endongo, Waethiopia wana krar na begena. Kwao Ugiriki chombo hiki kilikufa, kikabaki kwenye michoro ya vyungu na kwenye vipande vya mbao vilivyofukuliwa makaburini. Huku kwetu hakijawahi kuwekwa chini. Wanaotafiti muziki wa kale wa Ugiriki huja kuangalia vinubi vya Afrika Mashariki ili waelewe uzi ulishikaje kwenye mti bila kigingi. Na mimi naambiwa sina mkono wake.

Nilimweleza hayo, kwa adabu, kwa sababu ni mtu mzima kuliko mimi. Akatikisa kichwa, akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa akiuliza bei ya kikombe chenye picha ya Apollo.

Nilipofika nyumbani, huku Ujerumani ninakoishi, niliitengeneza mwenyewe. Nilikwangua vanishi yote kwa msasa mpaka mbao ikabaki kavu. Nikanunua ile ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokaushwa, inayouzwa kwa ajili ya mbwa kutafuna, nikailoweka, nikakata kanda, nikaziviringisha na uzi zikiwa bado na unyevu, nikaziacha zikauke. Zikashika. Nilikaza mese usiku, asubuhi nikaikuta palepale.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu hasira isinifanye nidhulumu kazi ya fundi. Lira hii ina sauti nzuri ajabu. Ngozi ya bakuli imewambwa na mtu anayejua. Haina ule mvumo mkavu wa nyatiti unaotetemesha kifua. Sauti yake ni nyembamba, safi, inakatika haraka na kuacha nafasi ya maneno. Ukanda wa kifundo cha mkono wa kushoto umeshonwa vizuri, unabeba uzito wote, vidole vinabaki huru. Basi unapiga nyuzi zote kwa kipigio mkononi mwa kulia, na vidole vya kushoto vinanyamazisha zile usizozitaka, kama wanavyoonekana wapigaji kwenye vyungu. Nilipoipata mbinu hiyo nilikaa nayo mpaka majirani wakagonga ukuta. Siku hiyo ningeipa nyota tano bila kusita.

Kisha nikafungua karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Wameweka wimbo wa Seikilos, ule uliochongwa kwenye jiwe la kaburi lililopatikana karibu na Tralles ya kale, Uturuki ya leo, na sasa liko Copenhagen. Chaguo zuri, ni wimbo wa kale uliotufikia mzima, maneno na alama zake za muziki. Lakini wimbo huo unatumia oktava kamili, sauti nane, na lira yao ina nyuzi saba! Hakuna aliyekaa chini akaupiga kwa chombo hiki kabla ya kuchapisha karatasi. Na hao ndio walioniambia chombo kinahitaji mkono wake.

Kwa hiyo nyota ngapi? Bakuli na ngozi yake, nne. Mti wa juu na kanda zake, sifuri, kwa sababu lira isiyoshika sauti ni pambo la ukutani, na wao wanaiuza kwa bei ya chombo cha muziki. Nilitaka kuandika kwamba ukiwa tayari kuitengeneza mwenyewe, nunua. Hapana, nafuta hilo. Usinunue mpaka muuzaji azipange nyuzi zote saba mbele yako, mnywe kahawa, kisha zisikilizwe tena. Akikataa, ondoka.

Niliwaandikia barua pepe nikaambatisha picha za kanda nilizotengeneza, nikawaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuzitengeneza, bure. Walinijibu kwa kunitumia video ya kufundisha wanaoanza.